Biashara ya bima kisheria ni ipi hasa? Maswali tunayoulizwa sana na vikundi, maboda, wakulima na wenye maduka Mbeya, Njombe na Iringa

Huku kwetu kuna watu wengi wanaendesha bima bila kujua kama wanaendesha bima. Siyo matapeli, ni watu safi kabisa, kijiwe cha boda, umoja wa wenye mashamba ya miti, duka la simu, shule, wameona shida zinawapiga wakaamua kuchangishana, alafu taratibu ile michango ikageuka kitu ambacho sheria inataka kiwe na leseni. Na wapo wengine wanaojua fika wanachofanya, wanakula hela za watu mchana kweupe. Majibu haya ni kwa ajili ya hao wa kwanza, wasiumie, na wajue kuwatambua hao wa pili.

Sheria ikisema mtu "anafanya biashara ya bima" inamaanisha nini?

Sheria yenyewe ni Sheria ya Bima Namba 10 ya 2009, Sura ya 394, na anayeisimamia ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, anayekaa juu pale ni Kamishna wa Bima. Tukiiweka kimtaani ni hivi: unachukua hela ya mtu leo, unajifunga kwamba likimpata jambo baya ambalo hakuna anayejua kama litatokea au litatokea lini, wewe utamlipa au utamfanyia kitu chenye thamani, na hiyo ndo shughuli unayoiendesha, siyo kwamba ulimwahidi shemeji yako mara moja sebuleni. Hapo umebeba majukumu ya kampuni ya bima, na hayo majukumu hayabebwi bila kusajiliwa.

Neno zito hapo ni kujifunga. Hela kukusanywa peke yake haitoshi, msaada kutolewa peke yake hautoshi. Kinachofanya iwe bima ni kwamba yule aliyetoa hela sasa ana haki ya kukudai. Ukilishika hilo moja, maswali mengi yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

Hivi vigezo vimetoka wapi? Mbona sheria yetu haivitaji vyote kwa mstari?

Swali zuri sana hili na wengi hawalifikirii. Sheria nyingi za bima duniani zinataja aina za bima na nani apewe leseni, ila kuainisha mkataba upi ni bima na upi siyo wanaachiwa majaji. Kesi inayorudiwa kila siku ni ya Uingereza ya 1904, Prudential dhidi ya mamlaka ya mapato ya kule, ilianza kama ugomvi wa ushuru wa stempu tu, lakini Jaji Channell akatoa maelezo ambayo mawakili wanayatumia mpaka leo: kuwe na malipo anayotoa mteja, kuwe na faida atakayopewa tukio likitokea, tukio lenyewe liwe halina uhakika, ama kutokea kwake ama muda wake, na liwe tukio linaloenda kinyume na maslahi yake.

Sasa kesi ya Uingereza inatuhusu nini sisi wa Mwanjelwa? Inatuhusu kwa sababu sheria yetu ya Sura ya 358, ile inayosema mahakama zetu zitumie sheria zipi, ilipokea misingi ya sheria za kimahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ya 1904 ipo ndani ya hiyo tarehe. Zile za baadaye mahakama zetu hazilazimiki kuzifuata ila zinazisikiliza, na zipo tatu ambazo tutazigusa huko chini maana zinafanana mno na mambo ya huku.

Sisi tuna chama cha kufa na kuzikana, kila mtu anatoa elfu 5 kwa mwezi, akifiwa anapewa rambirambi. Tunavunja sheria?

Hili ndo swali namba moja, na kina mama ndo wanaliuliza zaidi kwa sababu ndo wanaobeba hivi vyama mgongoni. Jibu linategemea katiba yenu imeandikwaje na mnaishije nayo.

Kama mfuko ni wa kusaidiana, mwenzenu akifiwa mnakaa, mnaangalia kilichopo, mnaangalia na wengine waliofiwa mwezi huo, mnaamua kumpa laki mbili au laki moja au gunia la mchele wa Kyela na mafuta, na yeye hana haki ya kuwapeleka baraza la kata akidai laki tano, basi hapo mna msaada. Uingereza kulikuwa na kesi ya hivi, ilihusu umoja wa madaktari, Medical Defence Union, hukumu ilitoka mwishoni mwa miaka ya 70. Madaktari walikuwa wanalipa ada kila mwaka, wakishtakiwa umoja unaweza kuwasaidia, ila uamuzi ni wa umoja. Mahakama ikasema daktari ana haki ya ombi lake kufikiriwa tu, hana haki ya hela, kwa hiyo hiyo siyo bima. Kitu kimoja tu kiliwaokoa, ule uhuru wa kuamua.

Ila mkiandika "mwanachama aliyekamilisha miezi sita akifiwa na mzazi ATALIPWA shilingi 1,000,000 ndani ya siku mbili", na mkaanza kupokea watu msiowajua kutoka Mbalizi mpaka Tukuyu kwa sababu tu wanalipa, na mkatoa vipeperushi, hapo mmeshavuka. Watu hawajiungi tena kwa sababu ni majirani, wananunua ahadi.

Na tafadhali msidanganyane kwa kuandika "kamati itaamua" kwenye karatasi alafu miaka yote kamati haijawahi kuamua kitu, inalipa milioni moja kwa kila mtu kama mashine. Mahakama inaangalia kinachofanyika. Uhuru wa kamati uwe wa kweli, kuwe na mihutasari inayoonyesha mara nyingine mlitoa kidogo, mara nyingine mlitoa kingi, mara nyingine mlikataa.

Kijiwe chetu cha boda Kabwe kila mtu anatoa buku kwa siku, pikipiki ikiibiwa kijiwe kinamnunulia nyingine. Hii nayo?

Kama mmeahidi kumnunulia nyingine, hii ni bima, tena ya wazi zaidi kuliko ya msiba. Malipo yapo, tukio halina uhakika, ni hasara kwa mwenye chombo, na mmejifunga. Kwamba mnatoa pikipiki badala ya hela haibadilishi kitu.

Hapa nataka nikae kidogo maana vijana wengi wanaona sheria inawaonea. Tuseme mpo 30. Buku kwa siku, mwezi mzima mnapata laki tisa. Sasa pikipiki mbili zikiibiwa ndani ya mwezi mmoja, na wote tunajua wezi wakishajua kijiwe hawaji mara moja, mnahitaji kama milioni tano. Hiyo ni michango ya miezi mitano na nusu, na hapo mfuko usiguswe kwa kitu kingine chochote. Wa kwanza kuibiwa anapata, wa pili anaambiwa subiri, wa tatu anasikia mhasibu kahamia Tunduma. Na huyo wa tatu alilipa buku yake kila siku kama wenzake, pengine pikipiki yenyewe ni ya mkataba, bosi anamdai hesabu.

Kampuni yenye leseni inalazimishwa kuwa na mtaji kabla haijauza hata bima moja, inaweka akiba ya madai, inakaguliwa hesabu, na sehemu ya mzigo inaupeleka kwenye bima mtawanyo, yaani kampuni za bima zinazozikatia bima kampuni nyingine, kama TAN-RE ya hapa nchini, ili wizi wa Mbeya usiiangushe. Kijiwe hakina hata kimoja katika hivyo. Sheria inadai leseni kwa sababu ya yule wa tatu.

Njia halali ipo na siyo ngumu: kijiwe kinachukua ileile buku, kinanunua bima ya kundi kwenye kampuni iliyosajiliwa. Kijiwe kinakuwa mteja, kampuni ndo inabeba ahadi.

Tukiliita "mchango" au "ada ya uanachama" si tunakuwa tumekwepa?

Hapana. Jina haliwaokoi. Hata kutokuandika mkataba hakuwaokoi, ahadi ya mdomo yenye mashahidi ni ahadi.

Sisi ni wenye mashamba ya miti Mufindi na Njombe. Moto ukiunguza shamba la mmoja tunamlipa kwa heka. Mbona tunaambiwa tuache?

Kwa sababu "kwa heka" ni kiwango, na kiwango ni ahadi. Ila niseme ukweli, kwenu nyie sheria ni nusu tu ya tatizo, nusu nyingine ni moto wenyewe.

Bima inafanya kazi pale hasara zinapowapata wachache kati ya wengi. Misindano mnayopanda huku imepakana, shamba la huyu linagusa la yule, mwezi wa tisa na wa kumi nyasi zimekauka, upepo unavuma, mtu anaandaa shamba kwa moto upande wa pili wa mlima na jioni heka mia zimekwenda, na wenye hizo heka wote ni wanachama wa umoja mmoja. Sasa nani atamlipa nani? Waliochanga ndo haohao walioungua. Ndo maana moto wa misitu unahitaji mbebaji ambaye ana wateja Kagera na Mtwara na mjini Dar, siyo mwenye shamba jirani.

Mnachoweza kufanya bila leseni yoyote, na nawasihi mfanye, ni kuchanga kwa ajili ya kuzuia: kufyeka barabara za moto, kulipa walinzi msimu wa kiangazi, kununua pampu za mgongoni, kuweka mnara wa kuangalia. Hiyo siyo bima, mnanunua huduma mnayoipata mwaka mzima iwe moto umekuja au haujaja. Na mkitaka fidia, nendeni kama umoja kuulizia bima ya mashamba ya miti kwenye kampuni zenye leseni, wakija wengi kwa pamoja bei na masharti yanajadilika, na zile barabara za moto mlizofyeka ndo zitawashushia bei.

Nina duka la pembejeo Uyole. Nikimwambia mkulima "mbegu isipoota nakurudishia", hiyo ni bima?

Hapana, hiyo ni dhamana ya ubora wa unachouza. Unasimamia bidhaa yako.

Ila ukisema "mvua ikikata nakupa mbegu nyingine", au "mvua ya mawe ikipiga parachichi nakulipa miche", umetoka kwenye ubora wa mbegu umeingia kwenye hali ya hewa, kitu ambacho hakitokani na bidhaa yako wala huna uwezo nacho, na kama kwenye bei umeongeza chochote kwa ajili ya hiyo ahadi basi unabeba hatari ya mkulima. Zipo mbegu zinauzwa na kinga ya ukame ndani yake, ukichunguza nyuma yake kuna kampuni ya bima ndo imebeba, duka ni njia tu ya kufikishia. Huo ndo mpango sahihi. Tofauti hii ya ubora wa kitu changu na balaa linalotoka nje itakusaidia pia kwenye swali linalofuata.

Duka la simu: waranti ya mwaka mmoja ni bima?

Waranti ya kiwandani, simu ikiwa na ubovu wake yenyewe inatengenezwa, hiyo siyo biashara ya bima. Lakini siku hizi kuna wanaosema "ongeza elfu 20, ukiidondosha au ukikwapuliwa stendi tunakupa nyingine". Kudondosha na kukwapuliwa siyo ubovu wa simu. Hapo ni bima, labda kama ile elfu 20 inakwenda kwa kampuni ya bima na mteja anapewa hati yake.

Kuna wanaojitetea kwamba "sisi hatutoi hela, tunatengeneza au tunabadilisha tu". Utetezi huo ulishapelekwa mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, mwaka 2013, kesi ya Digital Satellite Warranty Cover, jamaa walikuwa wanauza waranti za nyongeza za vifaa vya televisheni za dishi, wakisema wao wanatoa matengenezo siyo fidia. Walishindwa. Na kabla yao, miaka ya 70, kulikuwa na chama cha madereva cha St Christopher, unalipa ada, ukifungiwa leseni ya udereva au ukiumia usiweze kuendesha, chama kinakuletea dereva wa kukuendesha. Hakuna hata senti inayokufikia mkononi, na bado mahakama ikasema ni bima. Kwa hiyo dereva, pikipiki, simu, jeneza, vyote vinahesabika.

Nina gereji Mafiati, nataka kuwauzia wenye malori kifurushi cha mwezi. Nifanyeje nisiingie huko?

Uza kazi iliyopangwa. Kubadilisha oili kila baada ya kilomita kadhaa, kukagua breki kabla gari haijashuka Kitonga, kuangalia matairi, hivyo vyote vinatokea kwa ratiba, hakuna bahati nasibu ndani yake. Ukianza kuahidi kwamba kwa elfu hamsini ya mwezi lori likipata ajali popote kati ya Igawa na Tunduma utalivuta na kulinyoosha bodi bure, umekuwa kampuni ya bima yenye spana. Kuharibika kwa kawaida njiani kuko katikati, ni eneo lenye ubishi, hapo usitegemee wakili wa mtandaoni, nenda ukaulize TIRA wenyewe.

Nilikopa, wakanikata asilimia fulani wakasema ni "bima ya mkopo". Ni halali?

Bima ya mkopo ni kitu halisi, ukifa au ukipata ulemavu wa kudumu deni linalipwa na familia haisumbuliwi. Shida ni kwamba baadhi ya wakopeshaji wanakata ile hela na hawaipeleki popote. Inabaki kwao. Mkopaji akifa, mjane anaambiwa alete kitanda na friji. Nimeona hili kwa macho na linaniuma kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu, maana marehemu alikatwa hela akiwa hai na akaenda akiamini kaacha mambo safi.

Mkopeshaji anayekata hela ya bima na kuahidi mwenyewe kufuta deni anabeba majukumu ya bima, na leseni yake ya kukopesha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 haimpi ruhusa hiyo. Anachotakiwa ni kukukatia kwenye kampuni yenye leseni. Kwa hiyo kabla hujasaini uliza jina la kampuni ya bima, uliza namba ya hati, omba upewe nakala ukaiache nyumbani kwa mwenzako. Akisema "ipo kwenye mfumo", mwambie aitoe kwenye mfumo.

Shule inachangisha elfu 10 kila mtoto "bima ya ajali". Mkuu wa shule ni mtoa bima?

Kama shule imenunua bima ya kundi na inakusanya tu hela ya wazazi kuifikisha, hapana. Kama hela inakaa kwa bursa na mtoto akivunjika mkono shule ndo inajua itoe nini, basi ama ni ada ya huduma ya kwanza, na iitwe hivyo kwenye risiti, ama ni bima bila leseni.

Kondakta kaniambia niongeze elfu 5 mzigo uwe na bima.

Msafirishaji anawajibika kwa mzigo aliopokea hata usipoongeza kitu, huo ni wajibu unaotokana na kazi ya kusafirisha. Hiyo elfu 5 uliza inakwenda kampuni gani. Mara nyingi jibu ni ukimya.

Na NHIF, CHF, NSSF? Mbona wanakusanya michango na kuahidi mafao?

Hawa wana sheria zao wenyewe. NHIF ina sheria yake, CHF iliyoboreshwa ambayo kaya ya watu sita ilikuwa ikilipia elfu 30 kwa mwaka ilipita kwenye halmashauri, NSSF na PSSSF ni hifadhi ya jamii, WCF ni fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, na 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bunge ndo limewapa hiyo kazi. Kikundi hakiwezi kusema "mbona NHIF wanafanya".

Zahanati binafsi zinazouza "kadi ya familia" ya kulipia kila mwezi na kutibiwa bure ziwe makini. Kule Marekani 1939 mahakama moja ya Washington iliona umoja wa aina hiyo, Group Health Association, ulikuwa unauza huduma ya madaktari zaidi kuliko kubeba hatari, ukaachwa. Lakini ile ni Marekani na ni zamani. Zahanati ya Tukuyu ikiahidi kulipia na upasuaji wa hospitali nyingine, mimi nisingeweka matumaini kwenye kesi hiyo.

Kubeti na bima vinatofautiana nini? Si vyote unalipa kidogo unangoja tukio?

Kwenye bima lazima uwe na kitu cha kupoteza. Nyumba yako, maisha ya mwenzi wako, gari yako, mdaiwa wako. Mtu akija kukuuzia "bima" itakayokulipa jirani yako akifa au nyumba usiyohusika nayo ikiungua, hiyo ni kamari, na kamari ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake.

Mimi sibebi hatari yoyote, nauza tu stika kwa niaba ya kampuni. Nahitaji kusajiliwa?

Ndiyo. Wengi wanadhani leseni ni ya kampuni kubwa tu. Wakala, dalali wa bima ambaye wengi wanamwita broka, wakadiria hasara, hata benki inayouza bima dirishani, kila mmoja ana usajili wake TIRA. Meza yenye mwavuli pale stendi kuu iliyoandikwa BIMA ZOTE ZINAPATIKANA HAPA bila cheti cha usajili ni kosa hata kama stika zake ni za kweli.

Na hili la kupewa kazi na wakala mwenye leseni "ukakae pale barabarani uniuzie, tutagawana" lina hatari yake, maana jina kwenye cheti siyo lako na mteja akitapeliwa anayeonekana ni wewe. Soma mafunzo yanayotambuliwa na TIRA, pata kampuni itakayokusimamia, sajiliwa.

Kuna kampuni ya nje inauza bima kwa simu, inatoa mafao makubwa na bei chee. Nikijiunga kuna ubaya?

Kukata bima kwa kampuni isiyosajiliwa hapa kunahitaji kibali cha TIRA, haijalishi bei. Hata mzigo unaouagiza nje ukashukia bandarini Dar kuja Mbeya unatakiwa ukatiwe bima ndani ya nchi. Kwa wenye malori ya Zambia, Malawi na Kongo msichanganye na Kadi ya Njano ya COMESA, ile ni halali kabisa, Tanzania ipo kwenye mpango huo, unaipata kupitia kampuni ya hapa na inakulinda kwa madai ya watu wengine ukishavuka Tunduma au Kasumulu. Ila anayekuuzia "kadi ya njano" kwenye foleni ya malori bila risiti ya kampuni, achana naye.

Zamani hizi leseni hazikuwepo, kwa nini sasa?

Zamani hazikuhitajika kwa sababu mfanyabiashara wa bima alikuwa mmoja. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa 1963, baada ya Azimio la Arusha 1967 likabaki peke yake sokoni huku Bara, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Mlango ukishafunguliwa lazima awepo wa kuangalia nani anapita.

Nitajuaje kama stika au hati niliyopewa ni ya kweli?

Ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS, weka namba ya gari au ya stika, itakuonyesha kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji. Kama gari haionekani, usilipe. Hii ni muhimu hata kwa bima ndogo, ile ya lazima, maana trafiki atakukamata ndiyo, lakini kubwa ni siku umegonga mtu Mlima Iwambi na unagundua hakuna kampuni nyuma ya ile karatasi, familia ya aliyeumia inakuangalia wewe na shamba lako.

Ukikamatwa unafanya bima bila leseni inakuwaje?

Ni kosa la jinai, na viongozi wa kikundi ndo wanaoitwa kwanza, mwenyekiti, katibu, mhasibu, siyo "kikundi" kama kitu cha hewani. Na wanachama wenu wanakosa pa kukimbilia: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anashughulika na kampuni zilizosajiliwa, hawezi kuiagiza kamati ya kijiwe ilipe.

Kikundi chetu tayari kinafanya hivi miaka sasa, tumegundua leo. Tufanyeje?

Kwanza acheni kupokea wanachama wapya kwa masharti ya zamani, leo hii. Pili, hela iliyopo isigawanywe kwa hofu. Kuna watu wameshafiwa au wameshaibiwa na wanasubiri, hao mliwaahidi, walipeni kwanza, ndipo muangalie kilichobaki. Nimesikia vikundi vilivyogawana mfuko usiku mmoja na mama aliyefiwa wiki hiyohiyo akabaki mikono mitupu, hilo ni baya kuliko kosa la leseni.

Kisha itisheni mkutano muamue njia. Mkitaka kubaki kikundi cha kusaidiana, andikeni upya katiba, toeni viwango vya lazima, mpe kamati uhuru wa kweli na muuishi huo uhuru. Mkitaka uhakika wa malipo, basi uhakika unauzwa na kampuni, nendeni mkanunue bima ya kundi, na mfuko wenu uwe wa kulipia ada ya bima na kusaidia yale ambayo bima haikugusa. Vikundi vingi nilivyoviona vimetulia ni vilivyochukua zote mbili, bima ya kundi kwa mambo makubwa, rambirambi ya hiari kwa mengine.

Na msiogope ofisi. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapahapa Mbeya mjini, hamhitaji kupanda basi kwenda Dar wala Dodoma. Nendeni watu wawili au watatu, mbebe katiba yenu, daftari la michango, mihutasari ya malipo mliyofanya, na cheti cha usajili wa kikundi kutoka halmashauri kama mnacho. Waambieni mnachofanya kama kilivyo, msipunguze. Afisa anaweza kuwaelekeza vizuri pale tu anapoona karatasi mnazozitumia kweli.